Kwa Binti Anayetaka Kurusha Ndege

Mjukuu wangu, ukishaamua kuwa rubani, usianze na ujasiri. Ujasiri huja wenyewe au hauji, na siku utakapouhitaji hutakuwa na muda wa kuutafuta. Anza na tangi la mafuta. Jua limefungwa wapi, linachukua kiasi gani, vali yake inafunguka kwa upande upi, na injini itafanya nini tangi litakapokauka. Nakuambia haya kwa sababu nimekaa miaka mingi na kitabu cha mwanamke mmoja aliyelelewa Njoro, akavuka bahari ya Atlantiki usiku peke yake katika ndege ya injini moja, na kila nikikirudia naona kwamba watu humsifia moyo wakaisahau mikono yake. Mikono ile ilijua kazi.

Jina lake Beryl Markham. Alizaliwa Uingereza, katika kijiji cha Ashwell, tarehe 26 Oktoba 1902, akiitwa Beryl Clutterbuck. Alikuwa bado mtoto mdogo baba yake alipoihamishia familia huku Kenya, akafungua shamba Njoro, akajenga kinu na mazizi ya farasi wa mashindano. Mama hakuyaweza maisha yale. Alirudi kwao pamoja na kaka yake Beryl, na binti akabaki na baba.

Kabla hujaendelea kumsoma, shika jambo moja. Nchi ile haikuwa tupu. Mkataba wa mwaka 1904 uliwahamisha Wamaasai kutoka Bonde la Ufa ili walowezi wapate nafasi, na familia za Kikalenjin zilizobaki zikawa zinaishi kama wafanyakazi katika mashamba ya wengine. Kitabu chake kinaipenda sana ardhi hii, na mapenzi yale naamini ni ya kweli. Lakini ukikisoma, jiulize kila mara nani alikuwa akiishi pale kabla ya farasi kufika.

Tunasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na kwa kawaida tunamwambia mtoto mkaidi. Kwa Beryl, ulimwengu uliomfunza ulikuwa watu wa pale pale shambani, wengi wao Wakipsigis. Walimwita Lakwet, mtoto. Walimfundisha lugha yao, akaongeza Kiswahili. Alitembea peku, akajifunza kushika mkuki, akaenda kuwinda na wanaume, akashindana na wavulana kuruka juu kama walivyofanya wao. Mwenzake wa karibu kuliko wote alikuwa mvulana aitwaye Kibii. Mkumbuke huyo Kibii, maana nitamrudia, na kwangu mimi ndiye aliyenifanya nikae kitako kukuandikia.

Shule haikumkaa. Alipelekwa Nairobi, hakudumu. Simwambii mtoto yeyote aige hilo, kwani urubani hautaki mtu asiyejua hesabu na fizikia. Ila tazama alichofanya maisha yalipomgeukia. Ukame wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ulimfilisi baba yake, mzee akauza kila kitu akaenda Peru kuanza upya. Binti alibaki Kenya, umri wake kama miaka 18, bila shamba na bila cheti chochote. Alikuwa na ujuzi mmoja tu, farasi, aliouokota mazizini tangu anajifunza kutembea. Akaomba leseni ya kufunza farasi wa mashindano, akaipata, mwanamke wa kwanza kuipata katika Kenya.

Kitabuni anasimulia kwamba mwenye farasi mmoja aliyekuwa akimfunza alikuja kumchukua wiki chache kabla ya mashindano makubwa ya St Leger ya Nairobi, kwa sababu hakuamini kwamba msichana angeweza kumfikisha. Hakuwa na la kufanya. Alichobaki nacho ni farasi jike aitwaye Wise Child, mwenye miguu iliyokwisha kuharibika. Alimlea kwa subira, bila kumkimbiza kupita kiasi, akijua kila siku ni kiasi gani cha mazoezi mishipa ya miguu ile ingevumilia. Mwaka 1926 Wise Child alishinda. Nikisoma sura hiyo huwa natafuta pale anapomjibu yule aliyemdharau, na sipaoni. Amejaza kurasa kwa habari za bandeji, mapigo ya mwendo na siku zilizobaki. Ukidharauliwa huko unakokwenda, na utadharauliwa, jibu hivyo.

Sasa tuje kwenye ndege.

Mwalimu wake alikuwa Tom Campbell Black, rubani wa Wilson Airways. Na wewe na wenzako mnaopita Barabara ya Lang'ata kila siku mkiona vile vindege vidogo vikipaa Wilson, mjue jina hilo ni la mwanamke. Florence Kerr Wilson, mjane, alianzisha kampuni hiyo Nairobi mwaka 1929, na mwaka 1962 kiwanja kile kikapewa jina lake. Watu wengi wa Nairobi hudhani Wilson alikuwa mwanamume. Sikulaumu ukiwa mmoja wao, maana hakuna aliyekuambia.

Beryl alianza kujifunza mwaka 1931. Mwezi Mei mwaka huo rafiki yake Denys Finch Hatton alikuwa akienda Voi na ndege yake ndogo kutafuta tembo, akamkaribisha aende naye. Campbell Black alimwambia asiende, abaki na somo lake. Alibaki. Tarehe 14 Mei ndege ya Finch Hatton ilianguka Voi mara tu ilipopaa, ikawaka moto. Wakafa wawili, yeye na mfanyakazi wake Mkikuyu. Finch Hatton ameandikiwa vitabu, na filamu imetengenezwa dunia nzima ikamlilia. Yule mwingine mara nyingi utamkuta ametajwa kwa kabila lake tu, neno moja, sentensi ikaendelea mbele.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza ni jepesi: mwalimu akikuambia leo huruki, huruki. Usimwulize mbele ya watu, usinune. La pili nitalifikia.

Leseni ya kibiashara aliipata mwaka 1933. Mtihani wake haukuwa wa kupaa na kutua peke yake. Alitakiwa aweze kuifungua injini, kusafisha filta za mafuta na oili, kubadilisha plagi, na kupiga hesabu za njia kwa ramani na dira. Wakati ule ramani za sehemu kubwa ya Kenya zilikuwa na maeneo meupe ambayo hayakuwahi kupimwa. Redio hakuwa nayo. Alibeba barua, abiria, wagonjwa, na mahitaji ya wachimba dhahabu wa magharibi. Alitua popote palipokuwa na uwazi wa kutosha, na injini ilipokataa, fundi alikuwa yeye. Alifanya pia kazi ambayo siisifu, ya kuwatafutia matajiri tembo wenye pembe kubwa kutoka angani na kuwadondoshea wawindaji ujumbe chini. Ilimlipa vizuri. Tembo wa Ukambani na Tsavo walilipa zaidi.

Nakusihi usije ukaona mambo ya grisi na spana ni ya mafundi, wewe kazi yako ni kukaa mbele na kofia. Ukiona vyaelea vimeundwa, na aliyeviunda ni binadamu anayeweza kuchoka. Bessie Coleman, Mmarekani mweusi wa Texas, alikataliwa na shule za urubani za kwao kwa rangi yake na kwa kuwa mwanamke. Akajifunza Kifaransa, akavuka hadi Ufaransa, akapata leseni tarehe 15 Juni 1921, miaka kumi kabla Beryl hajagusa usukani. Mwanamke yule nampenda kuliko ninavyoweza kueleza. Tarehe 30 Aprili 1926, huko Jacksonville, alipanda ndege aliyokuwa ameinunua karibuni, ndege iliyokuwa imesumbua njia nzima ikiletwa. Fundi wake ndiye aliyekuwa akiiendesha. Bessie hakuwa amefunga mkanda, kwa sababu alitaka kuchungulia nje aone mahali pa kuruka na mwavuli kesho yake. Ndege ikapinduka angani, akadondoka. Ilikuja kuonekana kwamba spana iliyosahaulika ndani ilikuwa imekwama kwenye mitambo. Spana moja! Alikuwa na miaka 34 na ndoto ya kufungua shule ya urubani kwa watu weusi, na shule hiyo hakuwahi kuifungua. Kwa hiyo, kabla ya kila safari, izunguke ndege yako mwenyewe, gusa, chungulia, hesabu zana, hata kama aliyekutangulia ameshaapa kwamba iko sawa.

Sasa usiku wenyewe. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936, Beryl, umri miaka 33, alipaa kutoka kiwanja cha kijeshi cha Abingdon, Uingereza. Alitaka kufika New York bila kutua. Ndege ilikuwa Percival Vega Gull, yenye namba za Kenya, VP-KCC, mali ya mlowezi wa Nyeri aitwaye John Carberry. Charles Lindbergh alikuwa ameshavuka peke yake mwaka 1927, na Amelia Earhart mwaka 1932, lakini wote walitoka magharibi wakielekea mashariki, upepo ukiwasukuma kwa nyuma. Anayetoka Ulaya hukutana na pepo za mbisho njia nzima. Mafuta yanaisha haraka, mwendo unapungua, usiku unarefuka. Jim Mollison aliiweza njia hiyo peke yake mwaka 1932 akianzia Ireland. Mwanamke aliyeifanya peke yake hakuwapo, na mtu aliyeifanya peke yake kutoka Uingereza yenyewe bila kutua hakuwapo.

Ndani ya ndege viti vya abiria viliondolewa, yakawekwa matangi ya ziada. Yalimzunguka rubani, kila moja na vali yake. Aliambiwa kabla ya kuondoka kwamba ni heri aliache tangi moja likauke kabisa ndipo afungue linalofuata. Injini inaweza kuzima katikati, wakamwambia, lakini itawaka tena.

Hebu jiweke pale. Ni saa nne na nusu usiku, mvua nje, giza, Atlantiki chini, uko futi 2,000 juu ya maji. Injini inakohoa, inanyamaza. Mwili wako wote unakuambia vuta usukani kwako, inua pua, kaa mbali na bahari. Ukivuta, ndege isiyo na injini inapoteza mwendo, mabawa hayashiki tena hewa, unaporomoka na hutapata nafasi ya pili. Inakubidi ufanye kinyume: usukume usukani mbele, uelekeze pua kwenye maji yale yale unayoyaogopa, ili mwendo usipotee, na huku mkono mwingine unapapasa gizani kutafuta vali. Beryl anaandika kwamba aliipata, akaizungusha, akangoja. Alipotazama kipima mwinuko kilisoma futi 300 ndipo injini ikashika.

Hapo ndipo nilipokuwa nikikupeleka tangu mwanzo. Hofu alikuwa nayo, anakiri mwenyewe. Lakini mkono wake wa kushoto na wa kulia ilikuwa imeshafundishwa la kufanya kabla hofu haijafika, nayo ikalifanya. Ukifika chuoni, watakurudishia zoezi la injini kuzima mpaka ulichukie. Lifanye tena. Omba ulifanye tena.

Aliruka zaidi ya saa ishirini. Asubuhi aliiona nchi kavu ya Kanada, na karibu kabisa na mwisho injini ikaanza kukata. Matundu ya hewa ya tangi la mwisho yalikuwa yameziba kwa barafu, ndivyo inavyoaminika, mafuta yakawa hayashuki sawasawa. Alizifungua na kuzifunga vali zile mpaka vidole vikatoka damu. Alikiona kipande cha ardhi kilichofanana na kiwanja, akatua. Kumbe ni kinamasi chenye mawe. Magurudumu yalizama, ndege ikachomeka pua chini, naye akaumia kichwani. Ni mahali panapoitwa Baleine, kisiwa cha Cape Breton, Nova Scotia. New York hakufika kwa ndege ile, na yeye mwenyewe aliona ameshindwa. Dunia ilihesabu vingine. New York ilimpokea kwa shangwe, meya La Guardia akiwamo.

Shangwe hizo zilidumu wiki mbili. Tarehe 19 Septemba, Tom Campbell Black, mwalimu wake, aliyekuwa ameshinda mbio za ndege za Uingereza hadi Australia mwaka 1934, aliuawa katika kiwanja cha Speke, Liverpool. Alikuwa chini, ndege yake ikitembea kiwanjani, na ndege ya kijeshi iliyokuwa ikitua ikamgonga. Aliyevuka nusu ya dunia alifia kiwanjani mchana kweupe. Ukiwa chini bado uko kazini, mjukuu wangu. Usiitoe simu mfukoni mpaka propela isimame.

Nisikufiche upande mwingine. Aliolewa mara tatu, na ndoa zote hazikudumu. Mwanawe wa pekee, Gervase, alizaliwa mwaka 1929 akalelewa na bibi yake Uingereza, mama akiwa mbali. Kuna wanaomtetea kwa kusema mwanamume akifanya hivyo huitwa mtafuta riziki. Ni kweli, na hata hivyo mtoto yule alikosa mama. Mimi sikubaliani na wanaosema lazima uchague kati ya usukani na mtoto. Kapteni Irene Koki Mutungi, rubani wa kwanza mwanamke wa Kenya Airways, mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa kapteni wa Boeing 787, na alianza kuupenda urubani akimtazama baba yake rubani. Mzazi anayeruka anaweza kuwa mwanzo wa mtoto anayeruka, ikiwa mzazi huyo anarudi nyumbani.

Sasa kitabu. Kinaitwa West with the Night, kilitolewa Marekani mwaka 1942. Dunia ilikuwa vitani, kikasifiwa na wahakiki, kikauzwa kidogo, kikasahaulika. Mwaka huo huo Ernest Hemingway, aliyemjua Beryl tangu safari yake ya uwindaji huku kwetu, alimwandikia mhariri wake barua. Alisema mwanamke yule ameandika vizuri kiasi cha kumtia yeye haya kama mwandishi. Katika barua hiyo hiyo alimtukana kama mtu. Barua ilikaa kabatini miongo minne. Ilipochapishwa pamoja na barua nyingine za Hemingway, mtu mmoja mwenye mkahawa huko California aliisoma, akakitafuta kitabu, akakisoma, akahangaika mpaka kampuni ndogo ya uchapishaji, North Point Press, ikakitoa upya mwaka 1983.

Unajua kilimkuta wapi? Beryl alikuwa amerudi Kenya, akafunza farasi tena, akashinda Derby mara kadhaa, kisha uzee ukamfika mikono mitupu. Alikuwa akiishi katika nyumba ndogo aliyopewa na chama cha mbio za farasi karibu na uwanja wa Ngong. Wezi walikuwa wamemvamia na kumpiga. Siku ya jaribio la mapinduzi, tarehe 1 Agosti 1982, gari lake lilipigwa risasi njiani. Farasi wote aliowafunza, ndege zote alizorusha, pembe zote alizoonyesha matajiri, havikumwekea akiba ya uzee. Kilichomlipia chakula na matibabu miaka mitatu ya mwisho ni kurasa alizoandika zaidi ya miaka arubaini nyuma. Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, mwezi mmoja kabla ya kutimia miaka 50 tangu avuke Atlantiki.

Weka akiba, bila shaka. Mshahara wa rubani ni mkubwa ukilinganisha na wa wengi, na unapofusha. Anza kuweka tangu mwezi wa kwanza. Lakini nataka uone pia jinsi kitabu kile kilivyofanya kazi ambayo kitabu peke yake kiliiweza.

Na hata hicho walitaka kumnyang'anya. Mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa mwandishi, na mwanzoni mwa kitabu Beryl anamshukuru kwa msaada. Watu wakaanza kunong'ona kwamba yeye ndiye aliyekiandika. Mwaka 1993 Errol Trzebinski alitoa wasifu unaosema hivyo waziwazi. Mary Lovell, aliyekaa na Beryl Nairobi katika miezi yake ya mwisho, alikuwa ameshaandika mwaka 1987 kwamba kitabu ni cha Beryl, na kwamba sehemu zake zilikuwa mikononi mwa mchapishaji kabla Schumacher hajaingia. Mimi namwamini Lovell, na nina sababu yangu ya mtu aliyesahihisha insha maisha yake yote: anayesimulia kuhusu vali zile na miguu ile ya Wise Child ni mtu aliyevishika. Mume angeweza kunyoosha sentensi. Kuzihisi hakuweza.

Ila fikiria: mwanamke ametua kwenye kinamasi mbele ya dunia nzima, hakuna aliyesema ndege ilirushwa na mwanamume. Akiandika vizuri, wanamtafutia mwanamume. Kwa hiyo hifadhi rasimu zako. Weka tarehe. Usiitupe karatasi ya kwanza yenye makosa, maana ile ndiyo ushahidi.

Nilikuahidi nitamrudia Kibii. Alipotahiriwa na kuwa mtu mzima akaitwa arap Ruta. Alirudi kwa Beryl akamsaidia kwenye mazizi, na Beryl alipoacha farasi akashika ndege, arap Ruta alihamia naye Nairobi, akajifunza kuzitunza ndege kama alivyojifunza farasi. Walicheza pamoja, wakawinda pamoja, wakakimbia bega kwa bega. Na Beryl mwenyewe anaandika, bila kujificha, kwamba walipokua, Kibii alikuja kumwita memsahibu, na njiani akawa anatembea nyuma yake. Ni kurasa chache, na kwangu ndizo nzito kuliko za Atlantiki. Tunamshukuru kwa kuziandika. Lakini zote tunazisikia kwa sauti ya aliyekuwa mbele.

Arap Ruta alijua injini zile. Alijua nani alirudi salama na nani hakurudi, alimjua Beryl tangu hajaota meno ya utu uzima, aliona Nairobi ya miaka ile kutoka upande ambao hakuna mlowezi aliyeuona. Kitabu chake hakipo. Vya kumhusu Finch Hatton vipo, cha Beryl kipo. Mfanyakazi aliyekufa Voi hana hata nusu ukurasa. Hili ndilo fundisho la pili la Voi, na ndilo ninaloumia nalo. Historia yetu ya angani iliandikwa na waliokuwa na kalamu, na wakati ule kalamu ilikuwa upande mmoja. Sasa iko mkononi mwako pia. Umesoma, una Kiswahili kizuri, una kamera na kompyuta, na hakuna sheria inayokuzuia. Ukinyamaza leo, lawama haitakuwa ya walowezi.

Rubani analazimika kuweka daftari la safari zake: tarehe, namba ya ndege, alikotoka, alikokwenda, saa alizoruka. Liweke kwa uaminifu, usiongeze hata dakika moja, maana marubani wenzako watalisoma na mwongo hujulikana. Kisha nunua daftari la pili. Humo andika watu: mpishi wa kambi aliyekuwekea chai saa kumi alfajiri, mama aliyesafiri nawe na mtoto mgonjwa kutoka Lodwar, mhudumu wa kiwanja aliyeona tairi limepungua upepo kabla yako. Andika kwa Kiswahili, jioni ile ile, kabla ya usingizi. Na anza na fundi wa kwanza atakayekufungulia injini ukaiona kwa ndani. Mwulize jina lake kamili, mwulize linavyoandikwa, uliandike lote.